Ua la Baridi na Tumbo la Baridi

Tabibu wa Kichina wa zama za kale hakulihesabu ua lililotiwa katika maji ya moto kuwa ni kiburudisho tu. Kwake lilikuwa dawa yenye tabia yake, ya baridi au ya hari, kama wazee wa pwani yetu, waliorithi tiba ya Kiyunani kwa mkono wa Waarabu, walivyozoea kuvigawa vyakula. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ua lafaa maradhi gani, aliuliza litaingia tumbo la nani.

Krisantemu, ambayo kitabu cha Shennong, chenye dawa 365, kiliitia katika daraja ya juu, ilisifiwa kwa kutuliza macho mekundu na kichwa kiumacho. Walakini mtu wa tumbo la baridi, ambaye choo chake ni chepesi na viganja vyake havipati moto, alinasihiwa ajiepushe nayo. Baridi yake huzidiwa na ya jinyinhua, yaani ua la dhahabu na fedha, ambalo huchanua jeupe kisha likageuka manjano, hata katika mtambaa mmoja ukayaona ya rangi zote mbili, ingawa wachumaji huyataka yakali matumba.

Lililo zito zaidi ni honghua, ua jekundu la kartamu. Zhang Zhongjing, tabibu wa zama za mwisho za dola ya Han, alilichemsha kwa mvinyo kuwatibu wanawake maumivu ya tumbo. Na kwa sababu hiyo hiyo ya kuiendesha damu iliyoganda, mjamzito alikatazwa kabisa. Katazo hilo naliona la hekima kubwa, na leo humhusu pia anywaye dawa za kuifanya damu iwe nyepesi.

Li Shizhen wa Qizhou, mwana wa tabibu, ambaye mwenyewe alishindwa mara tatu katika mitihani ya serikali, aliona jinsi vitabu vya dawa vilivyochanganya mmea na mmea, akaanza mwaka 1552 kuvisahihisha. Alimaliza 1578, akiwa amekusanya dawa 1,892, akafa 1593 kabla kitabu chake hakijatoka chapani Nanjing mwaka 1596.

Huko Guangdong, kwenye joto na unyevu, chai za maua na majani yenye tabia ya baridi huuzwa kwa bakuli kutoka madumu ya shaba yenye umbo la kibuyu. Na mwanamke aliye katika hedhi, akipita na kiu yake, huambiwa aziache, akachemshiwe nyumbani tangawizi kwa sukari guru.