Makondo ya Kisumu: Historia Ambayo Hatukufunzwa Darasani

Wasee, hii stori ilianza na simu. Dada yangu ameolewa Kisumu na ana mimba yake ya kwanza. Juzi akanipigia akilalamika: "Kliniki wamenipea vidonge vitatu vya malaria, nimeze palepale nesi akiniangalia, na mimi siumwi hata kidogo. Mbona huko kwetu Isiolo hawafanyi hivyo?" Nikamwambia ameze kwanza, sababu nitamtafutia. Nimesoma wiki nzima hapa Wabera, na kumbe jibu ni historia ya hapa hapa Kenya.

Tuanze na fumbo lenyewe. Mtu aliyekulia karibu na Ziwa Victoria ameshaumwa malaria mara nyingi tangu utotoni, kwa hivyo akiwa mkubwa mwili wake unajua kupigana nayo. Lakini mwanamke huyo akishika mimba ya kwanza, ni kama ulinzi wote umelala. Anaishiwa damu. Mtoto anazaliwa na uzito mdogo, na wengine wanampoteza kabisa. Mimba ya pili inakuwa afadhali, ya tatu afadhali zaidi.

Jibu la kawaida la wataalamu lilikuwa kwamba mimba hushusha kinga ya mwili. Sawa, lakini kama ni hivyo tu, mbona mimba ya tano isimwangushe kama ya kwanza? Mtaani nako jibu lilikuwa baya zaidi: ati amerogwa, ama hajui kujitunza. Yaani mama amepoteza mtoto, halafu lawama ni zake.

Miaka ya tisini, watafiti wawili, Michal Fried na Patrick Duffy, walikuwa Kisumu, kwenye utafiti wa KEMRI na jeshi la Marekani. Waliwaomba akina mama waliojifungua wawape kondo la nyuma. Kwa jamii nyingi za Kenya kondo huzikwa kwa heshima, si kitu cha kupeana ovyo. Akina mama wakakubali.

Hapa nivumilieni kidogo, kuna sayansi. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hutoa protini zake na kuzipachika nje ya chembe hiyo, kama miiba ya mgunga inayonasa nguo ukipita. Kazi yake ni kunata kwenye ukuta wa mishipa, ili damu isikipeleke kwenye wengu, ambako chembe mbovu huchujwa. Mahali inaponata panaitwa kipokezi. Kwa watu wasio na mimba, vimelea vingi hunata kwenye kipokezi kinachoitwa CD36.

Vile vya kwenye kondo vilikataa CD36. Vilinata kwenye kitu tofauti kabisa: kondroitini salfeti A. Huo ni mnyororo mrefu wa sukari unaoning'inia kwenye protini. Protini iliyobeba minyororo kama hiyo inaitwa proteoglikani. Ichore kichwani kama brashi ya kuoshea chupa. Na usidhani ni kitu kigeni. Ukitafuna ile sehemu nyeupe ya mfupa wa mbuzi inayolia kruch, yaani gegedu, unatafuna jamaa wa familia hiyo hiyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1996 katika jarida la Science, na fumbo likafunguka. Kondo ni kiungo kipya mwilini, chenye kipokezi ambacho vimelea vingine havikitumii. Kinga ya mama haijalala. Ni kwamba haijawahi kukutana na mwiba wa aina hii. Mwaka 1998 ikaonekana kwamba wanawake waliozaa mara kadhaa wana kingamwili zinazozuia vimelea kunata kwenye kondo, tena zinafanya kazi hata kwa vimelea vya bara lingine. Fikiria hilo. Miili ya mama zetu ilikuwa imeshatengeneza dawa kabla maabara haijajua ugonjwa unashika wapi.

Na ndiyo maana dada yangu anameza vidonge bila kuumwa. Vimelea vikijificha kwenye kondo, damu ya kidole inaweza kuonyesha hakuna kitu. Huku kwetu Isiolo malaria huja zaidi na mvua, lakini kule ziwani iko mwaka mzima, kwa hivyo hawangoji homa.

Mwaka 2003 watafiti wa Denmark waliutambua mwiba wenyewe, protini inayoitwa VAR2CSA. Chanjo zikaanza kutengenezwa, na majaribio ya kwanza kwa binadamu yakafanyika Ujerumani na Benin, Ufaransa na Burkina Faso. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba seli za saratani za aina nyingi zina sukari inayofanana na ile ya kondo, na protini hiyo hiyo inaweza kuzinasa. Kwa panya, ikibebeshwa sumu, ilipunguza uvimbe.

Sasa maoni yangu. Mtaa wangu umeitwa kwa jina la Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo aliyeuawa Juni 1963, miezi michache tu kabla ya uhuru. Nairobi pia kuna barabara yenye jina lake. Sisi tunajua kukumbuka mtu. Lakini wale akina mama wa Kisumu hawana hata ubao. Naelewa, majina ya wagonjwa hufichwa, na ni haki yao. Kuficha majina ni sawa. Kusahau walichofanya si sawa. Karibu miaka 30 imepita tangu 1996, na chanjo ya malaria ya mimba bado haijafika kliniki yoyote. Sisemi mtu aliiba kitu. Nasema deni lipo, na mwenye kudai anafaa kujua anadai.

Nilimpigia dada nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha akasema mama mkwe wake alimzika mtoto wa kwanza mwaka 1989, na hadi leo anaamini ni makosa yake. Jumapili watakaa chini, amsomee hii posti.