Sifuri ya Joto: Historia Fupi ya Vipimo Vyake

Mkono wa binadamu si mpimaji wa kuaminiwa. Mtu akitia mkono mmoja katika maji ya moto na wa pili katika maji baridi, kisha akaitumbukiza yote miwili katika maji ya vuguvugu, maji yale yale yatakuwa baridi kwa mkono mmoja na moto kwa mwingine. Ndiyo sababu wataalamu wa Ulaya walitafuta kipimo kisichotegemea hisi. Swali lao kuu lilikuwa hili: hesabu ianzie wapi?

Mwaka 1724, Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Amsterdam, alieleza kipimajoto chake cha zebaki. Sifuri aliiweka kwenye baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Maji yenye barafu yakapewa 32, na mwili wa mtu mwenye afya 96. Mwaka 1742, Anders Celsius, mwanafalaki wa Uppsala, aligawa mara 100 nafasi iliyopo kati ya kuganda na kuchemka kwa maji. Ajabu ni kwamba 0 yake ilikuwa ya mchemko, na 100 ya barafu! Mwaka 1743, Jean-Pierre Christin wa Lyon alitoa kipimo chenye mpangilio unaojulikana leo, na huko Uppsala pia ule wa Celsius ukageuzwa muda si mrefu baadaye.

Hata hivyo, Celsius mwenyewe alitambua kwamba mchemko hufuata kanieneo ya hewa. Bukavu, mji ulio mita zipatazo 1500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Nukta iliyodhaniwa imara kumbe huhama.

Mwaka 1848, William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alipendekeza kipimo kisichofungamana na tabia ya kitu chochote maalumu. Katika kipimo kilichozaliwa na wazo hilo, sifuri iko digrii 273,15 chini ya ile ya Celsius, na hakuna baridi inayoipita. Tangu mwaka 2019 kelvini haifafanuliwi tena kwa maji, bali kwa namba thabiti ya Boltzmann.

Kwa hiyo, namba ya joto isiyotajiwa kipimo chake haina maana. Mwilini, 40 ya Celsius ni homa kali. 40 ya Fahrenheit ni baridi ya friji. Mfasiri anayeliacha jina la kipimo amebakiza tarakimu na kupoteza habari.