Umeme Uliomo Sahanini

Wafaransa wana kitafunio kirefu mfano wa kidole, chenye krimu tumboni na sukari ing'aayo mgongoni. Hukiita *éclair*, yaani umeme. Jina hilo lilienea katikati ya karne ya 19. Kabla yake kilijulikana kwa jina la mkate wa *duchesse*. Wako wasemao kuwa chaliwa kwa kasi ya umeme, na wako wasemao kuwa ni mng'ao wa sukari yake.

Kinyunya chake hupikwa mara mbili: kwanza jikoni, unga, maji na siagi, kisha hutiwa mayai na kuchomwa tanurini, ambamo mvuke hukifurisha na kuacha uwazi ndani. Hadithi kongwe yadai kuwa ufundi huu uliletwa na wapishi wa Catherine de Médicis, aliyetoka Italia kuolewa Ufaransa mwaka 1533. Wanahistoria wa leo hawaikubali. Mapokeo mengine humpa sifa Antonin Carême, mtoto wa mafukara wa Paris aliyeachwa na baba yake mitaani, akakua akawapikia wakuu wa Ulaya na kuandika vitabu hadi alipofariki mwaka 1833.

Lakini ni nani aliyeitia krimu hiyo harufu yake? Kwa muda mrefu vanila ilitoka Meksiko. Kwingineko mmea ulichanua bila kuzaa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, mtumwa yatima wa miaka 12, Edmond, aliinua kwa kijiti ule ugozi mwembamba ulio ndani ya ua, akalichavusha kwa kidole gumba. Ujuzi wake ukaenea hadi Madagaska na Ngazija. Mtaalamu mmoja wa mimea alidai kuwa yeye ndiye mvumbuzi. Bwana wa Edmond mwenyewe akaandika kumkanusha.

Uhuru ulipokuja mwaka 1848, Edmond alipewa jina la ukoo, Albius. Mali hakupewa. Alifariki fukara mwaka 1880, ilhali visiwa vizima vikitajirika kwa kidole chake.

Watoto wawili wa ufukara, basi, wamekutana katika sahani moja. Mmoja huimbwa kila karamu. Wa pili alimulika mara moja, kiza kikamfunika. Wahenga wetu walikwisha kuhukumu: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.