Manowari za Kigamboni na Samaki wa Kisiju



Siku moja baada ya darsa la alasiri hapa Kisarawe, kijana mmoja anayetoka Kibaha aliniuliza swali ambalo halikuwamo katika kitabu. Tulikuwa tumefika katika Suratun Nahl, aya ya 14, pale Mwenyezi Mungu anapotukumbusha kwamba ameitiisha bahari ili tupate humo kitoweo kibichi na mapambo ya kuvaa, na vyombo vipite juu yake tutafute fadhila Zake. Kijana akasema, "Maalim, aya hii ni ya watu wa Mafia na Kilwa. Sisi wa huku bahari yatuhusu nini?" Wenzake wakacheka.

Sikumkemea, kwani hakukosa yote. Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na ukisimama Maili Moja huoni pwani wala husikii wimbi. Unaona malori ya barabara ya Morogoro. Kisarawe nayo imekaa katika vilima vya Pugu. Lakini wazee watakumbuka kwamba wilaya hii ya Kisarawe ilikuwa ikifika baharini. Kisiju, pale majahazi ya Mafia yanapotia nanga, ilikuwa Kisarawe kabla Mkuranga haijakatwa ikawa wilaya peke yake. Basi mpaka umehama, samaki hawakuhama. Wanaoliwa Kongowe na Mlandizi wametoka huko huko.

Nikamwahidi yule kijana kuwa nitamwandikia jibu. Jibu lenyewe ni habari ya manowari.

Mwaka 1972, nikiwa mtoto wa kama miaka kumi na miwili, marehemu baba alinichukua Dar es Salaam kwa shughuli zake. Tulipofika Magogoni kungoja pantoni, akanionyesha ng'ambo ya Kigamboni. Palikuwa na vyombo vyembamba, virefu, rangi ya majivu, vimefungwa ubavu kwa ubavu, na mizinga mbele na nyuma. Nilikuwa nimezoea ngalawa na madau. Chombo kisicho tanga wala shehena kilinishangaza. Nikamwuliza baba vinabeba nini. Akanijibu, "Havibebi kitu, mwanangu. Vinalinda." Jawabu hilo nilikuja kulifahamu baadaye sana.

Vyombo vile vilikuwa manowari za doria za aina iitwayo Shanghai, zilizoundwa China. Zilifika nchini katika miaka ya 1970 na 1971, na China hiyo hiyo ikasaidia kujenga kambi ya wanamaji Kigamboni. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 39 na uzito wa kama tani 135. Injini zake za dizeli ziliweza kuikimbiza karibu maili 28 za baharini kwa saa, mwendo ambao jahazi halifikii hata likisukumwa na kusi. Zilikuwa na mizinga pacha ya milimita 37 na mingine ya milimita 25, na mabaharia zaidi ya thelathini waliobanana ndani yake. China iliziunda kwa mamia, ikawapa pia Pakistani, Sri Lanka, Guinea na wengineo. Hazikuwa meli za fahari. Zilikuwa vyombo vya nchi maskini yenye pwani ndefu.

Kwa nini tulizihitaji? Hapa yafaa turudi nyuma, maana vijana hawasimuliwi habari hii kama ilivyokuwa.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Serikali ya Tanganyika haikuwa na jeshi jingine la kuwazuia. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza, wale wale ambao bendera yao ilikuwa imeteremshwa miaka miwili tu kabla. Manowari yao ya kubebea ndege, Centaur, ikaja kutoka Aden, na alfajiri ya tarehe 25 Januari askari wake wakashushwa kwa helikopta kambini. Uasi ukaisha. Mwalimu mwenyewe hakuficha kwamba kuwaita wageni lilikuwa jambo la aibu kwa taifa. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Angalia, ewe msomaji: msaada ule ulikuja kwa njia ya bahari. Wareno nao walikuja kwa njia ya bahari mwaka 1505, wakaipora Kilwa, kisha Mombasa wakaichoma moto. Na tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walilipiga jumba la Sultani wa Unguja kwa muda usiozidi saa moja, wakaizamisha Glasgow, manowari aliyoiagizia Sayyid Barghash. Kila aliyetujia na nguvu alitujia na merikebu. Sisi tuliijua bahari vizuri kabisa, pepo zake, nyota zake, mikondo yake, lakini mara nyingi hatukuwa na cha kumzuia mtu mlangoni.

Kupata walimu wa kijeshi nako hakukuwa rahisi. Ujerumani Magharibi ilianza kutusaidia, kisha mwaka 1965 ikawaondoa wakufunzi wake kwa hasira, kwa sababu Tanzania iliwaruhusu Wajerumani wa Mashariki kufungua konseli yao Dar es Salaam. Mwalimu akasema basi, na misaada mingine waichukue. Ndipo uhusiano na China ukakua. Siandiki haya kuwasifu Wachina. Wao walikuwa na sababu zao, na itikadi yao haimjui Mungu. Lakini kambi ilijengwa, vijana wetu wakafundishwa, na vyombo vikabaki.

Kuna watu wanaodhani kuwa habari ya manowari haina nafasi katika gazeti la dini. Hao wamesahau tarehe ya Uislamu. Muawiya alipokuwa liwali wa Sham alimwomba Sayyidna Umar (R.A.) ruhusa ya kuunda merikebu za vita. Sayyidna Umar alikataa, kwa kuwaonea huruma Waislamu wasipandishwe juu ya kitu asichokijua na kufa maji. Sayyidna Uthman (R.A.) alikuja kuruhusu, lakini kwa sharti kwamba asilazimishwe mtu, aende apendaye. Mwaka 28 wa Hijra wakavuka kwenda Kuprosi, na pamoja nao alikuwamo Bibi Ummu Haram binti Milhan (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alikuwa amembashiria kwamba atakuwa katika watu hao. Alianguka kutoka juu ya mnyama wake huko huko akafa, na kaburi lake lingali linazuriwa karibu na mji wa Larnaca. Tena tumefundishwa katika hadithi kwamba jicho lililokesha likilinda katika njia ya Mwenyezi Mungu halitaguswa na Moto. Kwa hiyo ulinzi ni ibada ukikusudiwa vizuri, nao wana masharti: huruma kwa anayetumwa, na uaminifu kwa anayelindwa.

Turudi Kigamboni. Pwani ya bara, kutoka Tanga hadi Mtwara, ni kama kilomita 800 bila kuhesabu visiwa. Manowari za Shanghai tulizopata zilikuwa sita au saba. Chombo cha injini hakikai baharini siku zote. Kingine kiko gatini kinatengenezwa, kingine kinangoja kipuri kutoka mbali. Fanya hesabu mwenyewe. Tena maji ya kulindwa yakazidi kupanuka. Mwaka 1973 Tanzania ilitangaza kuwa maji yake yanafika maili 50. Kwa sheria ya mwaka 1989 maji ya nchi yakawekwa kuwa maili 12, lakini haki ya samaki na mali nyingine ikapelekwa hadi maili 200. Manowari ya mita 39, iliyoundwa kwa ajili ya maji ya karibu, haiwezi kuchunga maili 200 wakati wa kusi. Miaka nayo ikapita, chuma kikaliwa na chumvi.

Aibu yake tuliiona mwaka 2009. Mwezi Machi meli ya uvuvi iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu ya kiuchumi ikiwa na tani 296 za jodari. Iliyoikamata ilikuwa Sarah Baartman, meli ya doria ya Afrika Kusini, ingawa wakaguzi wetu walikuwamo. Wale jodari watu wakawaita "samaki wa Magufuli", kwa kuwa ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi, nao wakagawiwa kwa taasisi za umma. Kesi ikasomwa, watu wakatiwa hatiani mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu kwa kasoro za utaratibu wa kesi. Wakati huo samaki walikwisha kuliwa na meli ilikwisha kuharibika. Basi kukamata ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa kwa kalamu, na kalamu isiyofuata utaratibu huzamisha kesi kama vile mzinga uzamishavyo meli.

Sitaki msomaji afikiri wanamaji wetu hawakufanya kitu. Oktoba 2011 maharamia saba wa Kisomali walipovamia chombo cha watafiti wa mafuta na gesi karibu na Mafia, ni wanamaji wa Tanzania waliowakamata. Na mwaka 2015 Rais Kikwete alizindua manowari mbili mpya za doria, nazo pia za China, moja ikiitwa Mwitongo na nyingine Msoga. Msoga ni kijiji cha mkoa wetu huu huu wa Pwani, na hakina bahari. Nilipomwambia hivyo yule kijana wa Kibaha alinyamaza.

Lakini hayo ya maharamia na meli za mbali si hasa niliyokusudia. Nakusudia uvuvi wa baruti.

Sheria iliukataza uvuvi huo mwaka 1970, yaani karibu siku zile zile manowari za Shanghai zilipokuwa zikija. Hata hivyo uliendelea ukawa kama biashara halali, mchana kweupe, Tanga, Dar es Salaam, Kilwa. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na kifaranga chake na mayai yake; wengi huzama wasiokotwe, na tumbawe lililokua kwa miaka mingi huvunjika kama kigae. Mvuvi wa mshipi na wa dema anayekuja kesho yake hakuti kitu. Mwaka 1997 na 1998 wanamaji waliingizwa katika kazi ya kuukomesha, na kwa kweli uliisha. Nakumbuka watu wa Kisiju wakisema bahari imetulia. Ilipofika 2003 vishindo vilirudi.

Kwa nini vilirudi? Manowari humwona aliye majini, na baruti haizaliwi majini. Hutoka nchi kavu: hupita barabarani, hulala katika nyumba ya mtu, huuzwa na mtu anayeswali safu moja nasi. Na samaki akishapatikana hapandi manowari. Anapanda pikipiki mpaka Kisarawe, mpaka Kibaha, mpaka jikoni kwako. Mwaka 2015 kilipoundwa kikosi kazi cha taasisi mbalimbali, kikaifuata baruti huko huko nchi kavu, kwa wauzaji wake na wafadhili wake, ndipo katika miaka michache milipuko ikapungua mno. Manowari hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Kilichoongezeka ni watu waliokubali kusema wanachokijua.

Waulizaji huniuliza, "Sheikh, samaki wa baruti ni halali?" Nami najua wanachotafuta. Wanataka niwaambie kwamba mfu wa baharini ni halali, kisha wale kwa raha. Ni kweli kwamba nyama ya samaki haiharamiki kwa namna alivyokufa. Lakini umeulizia nyama, hukuulizia dhuluma. Yule mvuvi wa dema aliyerudi mikono mitupu ana haki yake, na sharia yetu imesimama juu ya kutodhuru wala kudhuriana. Anayenunua akijua amemlipa mwenye baruti gharama ya baruti yake ya kesho.

Nami sijitoi. Zamani kidogo nilinunua kwa mchuuzi mmoja mafungu mawili ya changu kwa bei ya kutupa. Mama watoto alipowapasua alikuta damu imevilia tumboni, uti wa mgongo umevunjika, nyama inaachana na mfupa wala samaki hajaoza. Akaniita jikoni, akanionyesha, hakusema neno. Mimi nilikuwa nimekwisha kuijua bei ile inatoka wapi tangu nilipokuwa naitoa mfukoni.

Ijumaa iliyopita mchuuzi mwingine alisimama mlangoni na boksi lake. Yule kijana wa Kibaha alikuwa nami barazani. Kabla sijatamka kitu akainuka, akamtoa tasi mmoja, akambonyeza mgongo, akamfunua mashavu, akauliza amevuliwa wapi na kwa nini. Mchuuzi akajibu, Kisiju, kwa mshipi, akamtaja na nahodha. Tukanunua fungu moja.