Walioposwa kwa Picha

Filamu ya Past Lives, iliyotoka mwaka 2023, inafunguka ndani ya baa jijini New York. Mwanamke wa Kikorea ameketi kati ya Mkorea na Mzungu, na watu tusiowaona wanakisia yupi kati ya wale wawili ni wake. Celine Song, mwandishi na mwongozaji wake, alihama Korea Kusini kwenda Kanada na wazazi wake akiwa na miaka 12, naye anajua kukisiwa na wapita njia. Ukitaka kuwajibu hao wanaokisia, itabidi urudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, hadi Honolulu.

Huko ndiko meli ya Gaelic ilikowashusha Wakorea 102 tarehe 13 Januari 1903. Hadi 1905, safari ziliposimamishwa kwa shinikizo la Japani, walikwishafika wapatao 7,000. Wengi walikuwa wanaume waseja, vibarua wa mashamba ya miwa ya Hawaii, na mabinti wa kwao walikuwa ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo, kuanzia 1910, posa zikaenda kwa picha. Kibarua alivaa suti, pengine ya kuazima, akapigwa picha. Mwingine alituma ile ya ujana wake. Mshenga akaipeleka kijijini. Binti aliyekubali alifunga safari, mara nyingi akiwa na hamu zaidi ya kusoma na ya kuukimbia utawala wa Wajapani nchini Korea kuliko hamu ya mume. Bandarini alishika picha mkononi akiutafuta uso ule katika kundi la waliokuja kupokea, na aliyejitokeza aliweza kuwa amemzidi miaka 15 au zaidi, ngozi imebabuka kwa jua la shambani. Wapo waliolia kwa siku kadhaa. Wengi waliolewa hata hivyo, wakawa wanafua na kupika kwa malipo, na katika senti hizo wakachangia harakati za uhuru wa Korea. Mapenzi, kama yalikuja, yalikuja baadaye. Sheria ya Marekani ya 1924 ilifunga njia hiyo.

Bara, Hollywood nayo ilikuwa jirani na wahamiaji wengine wa Kikorea na haikuwaona. Philip Ahn alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, mtoto wa mpigania uhuru Ahn Chang-ho, ambaye alifariki 1938 baada ya kufungwa na Wajapani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, studio zilimvisha mwanawe gwanda za maafisa wa Japani. Kwingine alicheza Mchina. Naumia kila nikifikiria hilo: mwigizaji wa kipaji, anayelipwa kuwa mtu aliyemtesa babake.

Ndiyo maana naiheshimu sana subira ya Song. Nora wake, yule mwanamke wa baani aliyeondoka Seoul utotoni, haombwi kuwaeleza watazamaji Ukorea ni nini. Mumewe Mmarekani anamwambia kwamba usingizini huongea Kikorea tu, na kwamba ndani yake kuna mahali yeye hawezi kufika. Ni maneno ya mume anayempenda na anayejifunza Kikorea.

Naye Hae Sung, mpenzi wa utotoni aliyebaki Seoul, ameigizwa na Teo Yoo. Huyu alizaliwa Cologne, Ujerumani, kwa baba mchimba migodi na mama muuguzi, wazazi waliotoka Korea Kusini kutafuta kazi.