Sumukuvu: Mahindi yaliyoota ukungu yanavyoua ini

Ndalambo, wilayani Momba, mahindi ndiyo ugali na ndiyo ada ya shule. Yakiwekwa ndani kabla hayajakauka vizuri, huota kuvu, na kuvu hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Haionekani kwa macho, na kupika ugali hata uive vipi hakuimalizi.

Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana: macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika. Kumbe ni mahindi waliyohifadhi nyumbani. Wagonjwa 68 walirekodiwa, 20 wakafariki. Kenya ilishapitia hayo mwaka 2004, wagonjwa 317 na vifo 125.

Hiyo ni sumu nyingi kwa muda mfupi: ini linafeli ndani ya siku au wiki chache, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini hakuna. Mtu akiona macho ya njano awahi hospitali, asianze na mitishamba.

Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Hii ni saratani mbaya, kwani wengi huigundua ikiwa imeshasambaa. Mwenye virusi vya homa ya ini B yuko hatarini mara nyingi zaidi. Watoto Tanzania huchanjwa dhidi ya virusi hivyo tangu mwaka 2002, ila watu wazima wengi hawajawahi hata kupima.

Kinga kubwa ni kukausha. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza chumvi kavu, tikisa, kisha acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Punje zilizooza, zilizovunjika au zenye rangi ya ajabu zitolewe. Kukoboa hupunguza sumu, maana nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Dona lina virutubisho zaidi, lakini likisagwa kwa mahindi mabovu, sembe ina nafuu. Na yale mabovu yasipelekwe kwenye pombe wala kwa ng'ombe: sumu hubaki kwenye pombe, na kwa ng'ombe hurudi kwenye maziwa.