Oruchinga: Hame Lisilo na Magofu

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kutofautishwa. Gofu ni jengo lililobaki bila wenyewe. Kuta za Gede na za Kilwa Kisiwani zingali zimesimama baada ya karne nyingi. Hame ni kijiji kilichohamwa, hata pasipo ukuta uliosalia. Apandaye vilima vya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, akitafuta makazi ya kwanza ya Oruchinga, atajionea kwa nini lugha ilihitaji neno la pili.

Safari huanzia Mbarara, kwa barabara ielekeayo Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Huko vijia vyembamba vya ng'ombe na vya wachota maji hukwea vilima vya nyasi, migomba ikibaki chini. Msomaji asitarajie kukuta nguzo wala nakshi. Nyumba ya miti na udongo, ikikosa wa kuikandika, hurudi ardhini baada ya masika machache. Katika nchi ya Ankole kinachodumu zaidi ni ua wa minyaa uliozunguka boma: ua hubaki ukilinda uwanja mtupu.

Walioishi hapa kwanza walitoka Rwanda. Machafuko yaliyoanza huko Novemba 1959 yaliwafukuza Watutsi wengi, na serikali iliyokuwa bado ya Kiingereza ikawapa nafasi Nakivale na Oruchinga. Iliwapa pia sheria. Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi Wageni ya mwaka 1960 iliruhusu serikali kumwamuru mkimbizi akae mahali maalumu, na hata kuamua hatima ya mifugo aliyoingia nayo. Kifungu kimoja ndicho kizito kuliko vyote: muda ambao mtu ameishi Uganda kama mkimbizi haukuhesabiwa kuwa ukaazi. Mtu angeweza kulima, kuoa, kuzaa na kuzika kwa miaka thelathini, na mbele ya sheria ya uraia akawa hajakaa hata siku moja.

Oktoba 1982 uzito wa kifungu hicho ulionekana waziwazi. Maofisa wa wilaya ya Mbarara na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafurusha Wanyarwanda kutoka mashambani mwao. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda au wakasukumwa kwenye makazi ya Nakivale na Oruchinga. Wengine walinaswa mpakani, Merama Hills, Rwanda ilipofunga njia. Waliofukuzwa hawakuwa wakimbizi tu. Walikuwamo wahamiaji wa kazi wa tangu enzi ya ukoloni, na wenyeji ambao mababu zao walikuwapo kabla mipaka haijachorwa. Kwa maoni yangu hili ndilo la kukumbukwa zaidi: neno "mkimbizi" likishazoeleka kuwa tusi, halimwulizi mtu hati zake.

Vijana wengi wa makazi haya walijiunga na jeshi la Museveni msituni, na baadaye na RPF. Fred Rwigyema, aliyeongoza uvamizi wa tarehe 1 Oktoba 1990 na kuuawa siku iliyofuata, alikulia kambini Nshungerezi, Ankole. Baada ya mauaji ya kimbari na RPF kuitwaa Kigali tarehe 4 Julai 1994, wengi wa kizazi cha 1959 walirudi Rwanda pamoja na watoto ambao hawakuwahi kuiona nchi hiyo. Waliswaga ng'ombe wao hadi kaskazini-mashariki, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya hifadhi ya Akagera ilikatwa kwa ajili ya makazi. Oruchinga ikawa hame.

Haikudumu hivyo. Walikuja wakimbizi wapya kutoka Rwanda ileile, kisha Burundi na Kongo. Wakongo wakaleta Kiswahili kati ya wasemaji wa Kinyankore, nanyi mnaojifunza lugha hii mngeweza leo kununua viazi huko bila mkalimani. Sheria ya 1960 nayo ilikuja kufutwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi, na makazini hupewa kishamba.

Uraia ni jambo jingine. Ibara ya 12 ya Katiba ya 1995 inaruhusu kusajiliwa kwa mtu aliyezaliwa Uganda na kuishi humo mfululizo tangu tarehe 9 Oktoba 1962, isipokuwa kama mzazi wake, babu yake au bibi yake alikuwa mkimbizi nchini. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliombwa iamue. Ilisema mkimbizi anaweza kuomba uraia wa tajnisi akitimiza masharti. Njia ya kusajiliwa ikabaki imefungwa.